Breki Ipimwe kwa Mguu Ulio Dhaifu

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za huku kwetu Tunduma gari la zamani si chombo cha fahari bali ni mmoja wa jamaa. Hula, huugua, hupelekwa kwa mganga, na siku likigoma kuamka asubuhi nyumba nzima hujua kwamba mahindi hayatafika mashineni. La kwetu ni Landrover ndefu ya injini ya petroli, ya lile toleo la tatu lililoanza kuundwa Solihull, Uingereza, mwaka 1971. Tuliachiwa na marehemu kaka yangu, nasi tunalitunza kama watu watunzavyo shamba la urithi: si kwa sababu lina faida kubwa, bali kwa sababu aliyelipanda hayupo tena kutulaumu tukiliacha lipotee.

Leo nataka tuzungumze juu ya breki za gari hilo, na juu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe, mkuu wa nyumba, huku nikijiona kuwa mtu mwenye kubana matumizi.

Jambo lilianza kwa sauti ndogo. Kila nilipokanyaga breki nilisikia mlio kama wa nyoka ndani ya nyasi, na gari likiwa limesimama injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa pikipiki na tena mlinda mlango wa timu ya mtaa, akafungua boneti, akachungulia, akainuka huku anatabasamu.

"Mjomba, mpira wa ndani wa busta umepasuka. Mpya hapa huipati, na ukiipata bei yake itakushinda. Tuitoe kazini tu. Magari ya zamani hayakuwa na busta na watu walifika walikokwenda."

Nikamwuliza kama gari litasimama. Akacheka.

"Litasimama, mjomba. Litataka mguu tu."

Basi akachomoa bomba litokalo kwenye injini kwenda kwenye busta, akaliziba kwa bolti na waya. Kazi ya robo saa, ujira wake soda mbili. Injini ikatulia. Nililiendesha hadi Mpemba na kurudi. Pedeli ilikuwa ngumu kama kukanyaga jiwe, lakini gari lilisimama kila nilipotaka. Nikajipongeza kwa fedha nilizookoa.

Nililosahau ni kwamba anayeliendesha gari hilo mara nyingi kuliko mimi ni mke wangu. Yeye ndiye aendaye shamba, mashineni na sokoni. Siku ya kwanza alirudi akasema, "Baba, gari hili sasa halinisikii." Nikamjibu kwamba atazoea. Jibu hilo, ndugu msomaji, mpaka leo likinijia usiku hunikosesha usingizi.

Siku ya nne alikuwa akirudi mjini na magunia ya unga, na wajukuu wetu wawili wamekaa nyuma. Wenyeji wanaijua foleni ya malori yangojayo kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Katika kijiteremko kimoja lori la mbele yake likasimama ghafula. Akakanyaga breki kwa mguu wa kulia, gari likaendelea. Akaongeza wa kushoto, akashika usukani kwa mikono miwili akajiinua kutoka kitini, uzito wake wote ukawa juu ya pedeli. Gari lilisimama pakiwa pamebaki hatua moja kufikia chuma cha nyuma cha tela.

Alifika nyumbani kimya. Akawashusha watoto, akaweka ufunguo juu ya meza, akasema, "Ufunguo huo hapo. Sitaugusa tena mpaka mtakapoacha kulipima gari kwa mguu wa mlinda mlango."

Kesho yake tulifunga safari, mimi, mpwa wangu na mke wangu, kwenda Vwawa kumwona mzee mmoja ambaye ni fundi tangu ujana wake. Alianza kama utingo katika njia hii hii ya Zambia, siku zile baada ya Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na Zambia ikalazimika kutafuta njia ya kwenda baharini kupitia kwetu. Bomba la mafuta lilikuwa bado, reli ya TAZARA ilikuwa bado, na barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Mtu aliyefundishwa breki na barabara ile anastahili kusikilizwa.

Mzee alisikiliza habari yote, kisha akamgeukia mpwa wangu. "Mwanangu, kuondoa busta si dhambi. Lakini wewe hukubadili breki. Umewakuta watu wawili wamebeba gogo, ukamwondoa mmoja, ukamwachia mwenzake gogo lile lile."

Hapo akatueleza, nami nayaandika maelezo yake kwa kuwa najua si nyumba yangu peke yake yenye gari la aina hii.

Busta ni kopo la chuma la mviringo, kubwa kama sufuria, lililogawanywa katikati kwa mpira. Injini ya petroli inapovuta hewa huku kilango cha kabureta kimefungwa, huacha ombwe katika njia yake ya hewa, na ombwe hilo hupelekwa kwa bomba hadi ndani ya busta. Ukikanyaga pedeli, kilango kingine hufunguka na kuingiza hewa ya kawaida upande mmoja wa mpira. Hewa hiyo, ikikuta ombwe upande wa pili, huusukuma mpira kwa nguvu, nao mpira husukuma pamoja na mguu wako. Kwa hiyo anayekusaidia kukanyaga ni uzito wa hewa tunayoivuta.

Mambo mawili hufuata hapo. La kwanza, hewa ya milimani ni nyepesi. Mahali palipo mita 1,500 juu ya bahari, kama zilivyo sehemu nyingi za nyanda zetu za Mbozi, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko Dar es Salaam. Busta ile ile iliyo hodari pwani, huku juu hupungukiwa nguvu. La pili, ombwe hutoka kwenye injini inayozunguka. Injini ikizimika, akiba iliyobaki ndani ya busta hutosha kukanyaga mara moja au mbili tu. Baada ya hapo umebaki na mguu wako. Ndiyo maana wale wanaozima injini kwenye mteremko ili waokoe petroli wanaokoa senti na kuweka rehani roho za watu.

Mzee akaongeza jambo la tatu, ambalo limewakuta wengi. Injini ya dizeli haina kilango cha kubana hewa kama cha kabureta, na kwa hiyo haitoi ombwe la kutosha. Gari la dizeli lenye busta huhitaji pampu ya kuvuta ombwe hilo. Sasa, Landrover nyingi za zamani zimeng'olewa injini zao za petroli na kutiwa za dizeli zilizotoka katika magari mengine. Pampu isipowekwa, busta hubaki pale kama pambo, na mwenye gari haelewi kwa nini breki zimekuwa ngumu.

Je, basi, gari lililoundwa na busta laweza kugeuzwa likawa la breki za mguu mtupu? Laweza, lakini ni lazima nguvu iliyoondolewa ilipwe mahali pengine. Mahali penyewe ni pawili: urefu wa mkono wa pedeli na upana wa masta, yaani ile silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu.

Mzee aliokota kipande cha chaki akapiga hesabu juu ya ubao wa gereji, nami mwalimu mstaafu nikawa mwanafunzi. Tuseme mguu unakanyaga kwa uzito wa kilo 30. Pedeli ikiwa inazidisha nguvu mara 4, kama ilivyo aghalabu kwa magari yenye busta, masta hupokea kilo 120. Masta yenye kipenyo cha inchi 1 ina eneo la sentimita za mraba 5 na kidogo, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mafuta hupata kilo 24 hivi. Sasa chukua pedeli inayozidisha mara 6 na masta yenye kipenyo cha robo tatu ya inchi. Mguu ule ule wa kilo 30 huwa kilo 180, nazo zinaangukia eneo lisilotimia sentimita za mraba 3, na kila sentimita hupata kilo 63. Nguvu imezidi mara mbili na nusu, wala mguu haukuongezewa hata ratili moja.

"Lakini hakuna cha bure, Mwalimu," akasema mzee. "Ukizidisha nguvu unazidisha na safari ya pedeli. Masta nyembamba husukuma mafuta kidogo, basi mguu utakwenda mbali zaidi kabla breki hazijashika. Ukiichagua nyembamba kupita kiasi, pedeli itagonga sakafu na gari bado linakwenda."

Kwa sababu hiyo mzee alikataa kubahatisha. Landrover za toleo hilo zilitoka kiwandani za aina zote mbili, zenye busta na zisizo nayo. Akasema tutafute pedeli, kishikio chake na masta kutoka katika Landrover ya aina ile ile iliyozaliwa bila busta, ili hesabu iwe ile iliyokwisha kupigwa na walioiunda. Ilituchukua wiki tatu kupata vitu hivyo, na masta tuliinunua mpya, kwa maana mpira wa ndani wa masta kuukuu hakuna ajuaye umebakiwa na siku ngapi.

Hapa yapasa nitoe onyo. Gari letu lina breki za dramu magurudumu yote manne. Dramu ina tabia njema: inapozunguka hukivuta kiatu cha breki kijikaze zaidi, na hivyo gurudumu lenyewe humsaidia dereva. Breki za diski hazina msaada huo. Hubana kwa nguvu ile tu iliyoletwa na mafuta, na ndiyo sababu magari mengi yalipotiwa diski yalitiwa na busta. Mwenye gari la diski asisome habari hii akakimbilia kufungua busta yake. Kwake yeye aghalabu ni heri kuitafuta busta nyingine nzima.

Kazi ilifanyika kwa siku mbili. Busta ilitolewa, na pedeli na masta zikafungwa mahali pake. Kijiti kinachosukuma masta kiliachiwa nafasi ndogo ya kucheza, maana kikikaza muda wote mafuta hayarudi na breki hushika zenyewe hata zikaungua. Tundu la bomba kwenye injini likazibwa kwa kizibo cha chuma chenye hesi, si kwa bolti na waya. Bomba za breki zilizokuwa na kutu zikabadilishwa. Mafuta ya zamani yakamwagwa, kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya unyevu na yakipata moto huweza kuchemka. Yakatiwa mapya, na upepo ukatolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta hadi lililo karibu. Mpwa wangu ndiye aliyelala chini ya gari kwa kazi nyingi, na namsifu kwa hilo, kwani hakununa hata kidogo.

Siku ya majaribio tulikwenda kwenye uwanja wa wazi. Mzee akachora mistari miwili ya chokaa: wa kwanza pa kuanzia kukanyaga, wa pili pa kusimama. Mpwa wangu akajitokeza achukue usukani. Mzee akamzuia.

"Wewe hatukuulizi. Mama ndiye apande."

Mke wangu akapanda. Gari tupu likasimama kabla ya mstari. Tukapakia magunia sita ya mahindi. Safari hii lilivuka mstari kwa hatua tatu, tena likavuta upande wa kulia.

"Kanyaga zaidi, mama!" mpwa wangu akapaza sauti.

Mzee akamgeukia polepole. "Si yeye aongeze mguu, mwanangu. Ni sisi tuongeze breki."

Akaamuru magurudumu ya mbele yafunguliwe. La kushoto tulikuta sili imekwisha na mafuta yamevuja yakalowesha viatu vya breki. Vilikuwa vinateleza ndani ya dramu kama kandambili kwenye matope. Kumbe maradhi hayo yalikuwapo siku nyingi, ila busta ilikuwa ikiyaficha. Palipokuwa na nguvu ya kuazima, hakuna aliyeona kwamba gurudumu moja lilikwisha kuacha kazi. Sili ikabadilishwa, viatu vya magurudumu yote mawili ya mbele vikatiwa vipya, maana breki za upande mmoja hazibadilishwi peke yake, kisha vyote vinne vikakazwa kwa kipimo.

Mke wangu akapanda tena na magunia yake sita. Akakanyaga, kwa mguu mmoja, amekaa kitini. Gari likasimama hatua moja kabla ya chokaa, limenyooka. Akarudia mara tano, mzee akitazama uso wake zaidi ya kutazama magurudumu. Mara ya sita akamwuliza kama mguu umechoka. "Umechoka kidogo," akajibu, "lakini si wa kuniangusha." Mzee akafuta mikono, akasema sasa tulipeleke kwa mkaguzi wa magari wa polisi, kwani Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haijali kama gari ni la urithi.

Baada ya kukaguliwa tulikwenda Mbeya kwa mara ya kwanza, na mwenye usukani alikuwa yeye. Njia hiyo hupita mlima Senjele, ambao jina lake limetajwa mno katika habari za ajali. Tulipofika kwenye mteremko alipunguza mwendo mapema, akatia gia ya chini, akaiacha injini ilizuie gari, na breki akazigusa kwa vipindi ili zipate kupoa. Dramu ikipata moto hutanuka ikakimbia kiatu, na hapo hata mguu wa mlinda mlango haufui dafu. Zile kanuni za madereva wa zamani, kwamba gia unayopandia mlima ndiyo uteremkie nayo, kwa gari lisilo na busta ni amri. Tulipofika chini hakunitazama, alisema tu, "Sasa linanisikia."

Nimeyafikiri sana maneno yake. Katika nyumba zetu vitu vingi hupimwa kwa nguvu za aliye hodari. Ndoo ya kisima hununuliwa kwa mkono wa baba, na mchotaji ni mtoto. Mlango hutiwa komeo zito, na anayebaki nyumbani ni bibi. Sisi tunaopima hujaribu mara moja, tukaona jambo limewezekana, tukasema watazoea. Mimi niliijaribu breki kwa mguu wangu, nikaridhika, na wajukuu wangu wakaponea kwa hatua moja.

Basi, ndugu msomaji, kama una gari la zamani na busta yake imekufa, fanya utakavyoona inafaa: itengeneze, au ibadilishe gari liwe la mguu mtupu kwa pedeli yake, masta yake na viatu vizima. Lakini usikubali kazi ya bolti na waya. Na kazi ikikwisha, usikae wewe kwenye usukani kuijaribu. Pakia mzigo ambao gari hubeba kila siku, kisha mwite yule mwenye mguu dhaifu kuliko wote wanaoliendesha, na umwulize kama gari linamsikia. Akisema halimsikii, usimwambie atazoea.

Tuonane Jumapili ijayo.